Fundi uliyeanza kujitegemea: bima ipi ukate kwanza, ipi isubiri

Maji yalianza kudondoka Ijumaa jioni na hakuna aliyeyaona mpaka Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimefunga AC tatu kwenye ofisi moja Kariakoo, ghorofa ya tatu, kazi nimeshakabidhi wiki mbili nyuma, mteja kasaini, nusu ya hela nimelipwa na nusu nyingine ananizungusha kama kawaida yao. AC moja ilikuwa ya chumba cha seva, hiyo haizimwi, usiku na mchana inanguruma. Bomba lake la kutolea maji niliunga vibaya, simlaumu mtu, gundi sikuipa muda nikawahi kufunga silingi kwa sababu mchana ule nilikuwa na kazi nyingine Tabata. Maji yakatoka pale kwenye maungio, yakafuata tundu la mabomba, yakashuka ghorofa ya pili kwa watu wa stationari, yakatua juu ya mashine ya kuprintia na mabunda ya karatasi.

Mwenye ile stationari sikuwahi hata kumsalimia, hana mkataba na mimi, hanijui. Lakini ndiye aliyenipigia simu saa mbili asubuhi. Tukahesabu, tukabishana, ikafika milioni nne na laki nane. Nililipa kwa miezi saba na sehemu yake nilikopa kwa wale kausha damu, hiyo ni stori ya siku nyingine.

Nilipokuwa nimeajiriwa kitu kama hicho kingekuwa msala wa kampuni. Bosi angefoka, labda angenipa barua ya onyo, ila anayefuatwa na mwenye mali ni mwajiri na bima yake. Ukiacha kazi ukaanza kujitegemea ile ngao unaiacha getini pamoja na kitambulisho, na hakuna anayekwambia. Wote wanakwambia habari za TIN na leseni ya biashara basi.

Baada ya pale nikaanza kuzunguka kwa watu wa bima, mmoja akaniuzia hiki, mwingine kile, wa tatu akasema wote wawili wamenidanganya. Nimekuja kugundua swali la "bima ipi ni nzuri" halina jibu. Lenye jibu ni hili: likitokea jambo fulani, nani analipa? Kwa hiyo hapa nalinganisha kwa kulichukua lile tukio la maji, nalipitisha kwenye kila bima, naangalia linatokea wapi. Mimi niko Dar kwa hiyo sheria ninazotaja ni za Tanzania, Kenya nitaigusa mahali pamoja.

Kwanza, dhima ipo hata kama huna bima

Watu wanachanganya hivi vitu viwili. Dhima ni ule wajibu wa kulipa hasara uliyosababisha, iwe kwa mteja uliyesaini naye au kwa mtu wa chini ambaye hata hamjuani. Bima haiondoi huo wajibu, inakutafutia tu mtu wa kulipa kwa niaba yako. Na wajibu wenyewe hauishi siku unapokabidhi kazi. Sheria ya ukomo ya Tanzania inampa mtu miaka 6 kukushtaki kwa kuvunja mkataba, na miaka 3 kwa madhara ya uzembe, sasa piga hesabu ni kazi ngapi umeshakabidhi mpaka leo, zote hizo bado ziko hai.

Pablik layabiliti dhidi ya CAR

Hizi mbili ndizo zinazochanganywa kuliko zote, na mawakala wengine wanachangia maana wanauza ile wanayoijua.

Bima ya dhima kwa watu wengine, ambayo mabroka wote, yaani madalali wa bima, wanaiita pablik layabiliti, inakufuata wewe. Unakata ya mwaka mzima, kazi zote utakazofanya mwaka huo zimo, ina kiwango cha juu kwa tukio moja na kiwango cha juu kwa mwaka. Inalipa ukimuumiza mtu wa nje au ukiharibu mali yake. CAR, bima ya mkandarasi, yenyewe inafuata mradi. Unakata kwa ajili ya jengo fulani, thamani ya mkataba fulani, tarehe ya kuanza mpaka kukabidhi, na kitu kikubwa inachokilinda ni kazi yenyewe: ukuta ukianguka kabla hujamaliza, mvua ikisomba msingi, moto ukaunguza vifaa vilivyokwisha fungwa. Ndani yake mara nyingi kuna kipande cha dhima kwa watu wengine pia, na hapo ndipo watu wanadhani wakiwa na CAR wamemaliza. Kwa kufunga mitambo mikubwa ipo ndugu yake inaitwa EAR, mantiki ni ileile.

Sasa maji yangu. Kwenye CAR ningetoka kapa, mradi ulishakabidhiwa wiki mbili nyuma na bima ingekuwa imeisha, labda kama ningeongezewa kipindi cha matengenezo ya baada ya kukabidhi, na hata hicho kina mipaka yake. Kwenye pablik layabiliti ningelipiwa, LAKINI, na hii lakini ndiyo imenifanya niandike yote haya, siyo zote. Nukuu ya kwanza niliyopewa, yaani karatasi ya bei na masharti, ilikuwa bei chee kabisa nikafurahi, nilipoisoma usiku nikakuta mstari mmoja unasema haihusiki na madhara yatakayotokea baada ya kazi kukabidhiwa. Yaani ingenilinda nikiwa juu ya ngazi, nikishuka nikasaini nikaondoka, imekula kwangu. Kwa fundi wa AC, bomba au umeme huo mstari ni kifo, sisi kazi zetu hazileti balaa siku ya kufunga, zinaleta wiki mbili baadaye watu wakiwa wamelala. Muulize broka wazi kabisa, "kazi niliyokwisha kukabidhi imo au haimo?", na jibu alete kwa maandishi.

Kuna vitu ambavyo hakuna kati ya hizo mbili inayolipa. Lile bomba lenyewe nililounga vibaya, kulirudia ni juu yangu, bima hailipi ubovu wa kazi yako, inalipa madhara ya ubovu huo. AC ya mteja uliyoibeba kwenda nayo karakana ikapigwa shoti au ikaibiwa, pablik layabiliti kwa kawaida inasema hiyo ilikuwa mikononi mwako haiko kwetu. Na ukigonga mtu kwa kirikuu yako ukienda saiti hiyo ni habari ya bima ya gari, tena uangalie isiwe gari limekatiwa matumizi binafsi halafu kila siku linabeba makompresa.

Eksesi nayo uiangalie, kile kipande cha hasara unachotoa wewe mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Nukuu niliyokuja kuichukua inasema 10% ya dai au laki tano, kipi kikubwa. Tukirudi kwenye milioni nne na laki nane, 10% ni laki nne na themanini, iko chini ya laki tano, kwa hiyo ningetoa laki tano mfukoni na kampuni ingelipa milioni nne na laki tatu. Laki tano ilikuwa inauma, ila siyo miezi saba.

Halafu kuna hili ambalo nilijifunza nikiwa nimeshachelewa. Ile Jumatatu, kwa woga, nilimwandikia yule mama wa stationari kwenye WhatsApp: "samahani sana dada ni kosa langu nitalipa kila kitu". Nilimwonyesha broka baadaye akacheka. Karibu kila mkataba wa bima ya dhima una sharti kwamba usikubali kosa wala usiahidi malipo kabla ya kuwaambia wao. Yaani hata ningekuwa na bima, ile meseji ingewapa pa kushika. Pole unaweza kumpa mtu, zima maji, saidia kuhamisha vitu, piga picha, kisha mpigie broka wako. Sentensi ya kulipa iache kwanza.

WCF dhidi ya ajali binafsi dhidi ya "nitampeleka hospitali mwenyewe"

Hapa tunatoka kwa mtu wa nje tunaingia kwa mtu wako. Pablik layabiliti haimhusu saidia fundi wako, yeye siyo mtu wa nje, akidondoka kwenye ngazi ile bima inamwangalia tu.

Wengi wetu tunaenda na hiyo njia ya tatu. Kijana kaumia, unatoa hela ya eksrei na dawa, unampa ya kula wiki mbili, mnaelewana. Inafanya kazi mpaka siku ameumia kweli, mgongo au jicho, na kaka zake wamekuja kutoka mkoani kukaa kikao na wewe.

WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulianza kukusanya michango mwaka 2015, na kila mwajiri anatakiwa ajisajili, haijalishi una watu wawili au mia mbili. Sekta binafsi mchango ulianzia 1%, sasa hivi ni 0.5% ya mishahara. Hebu tuweke hesabu mezani: una saidia fundi wawili, kila mmoja unamlipa laki tatu kwa mwezi, jumla laki sita, 0.5% yake ni shilingi 3,000. Elfu tatu kwa mwezi kwa watu wawili, hata vocha inazidi. Na hiyo unalipa wewe mwajiri, huruhusiwi kumkata kijana. Akiumia kazini mfuko unabeba matibabu, unamlipa 70% ya mshahara wake akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, akipata ulemavu wa kudumu kuna malipo yake, akifariki wategemezi wanapata pensheni. Mimi sijaona bima nyingine yoyote inayotoa hivyo kwa elfu tatu, na ni sheria juu yake, kwa hiyo hapa sina cha kulinganisha sana, kama una mtu chini yako anza na hii leo.

Najua utakachosema, "hao siyo wafanyakazi wangu ni vibarua, nawalipa kwa siku". Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atadhaniwa kuwa mwajiriwa kama hata kimoja tu kati ya mambo haya kipo: unamwelekeza namna ya kufanya kazi, unampangia saa, ni sehemu ya shughuli zako, kwa miezi mitatu iliyopita amekufanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi, anakutegemea kimapato, unampa vifaa vya kazi, au anafanya kazi kwako peke yako. Saa 45 kwa mwezi ni kama siku sita tu jamani. Kijana wangu anashika drili yangu, anakuja saa ninayomwambia, anafanya ninachomwambia, nikienda kubisha kwamba ni mkandarasi huru nitachekwa.

Na hicho kifungu kinakata pande zote mbili. Kuna mafundi wanaitwa wanajitegemea lakini kila siku wako kwa kampuni moja, wanavaa yunifomu yake, wanatumia vifaa vyake, wanaingia saa moja na nusu wanatoka saa kumi na moja, wanalipwa kwa invoisi na kukatwa 5% ya zuio la TRA kana kwamba ni watoa huduma. Kama ndiyo wewe, kabla hujaenda kununua bima za watu kaa ujiulize kama siyo mwajiriwa ambaye kampuni imekwepa kumlipia WCF.

Sasa wewe mwenyewe kama kweli umejiajiri, WCF haikuhusu kwa mwili wako, ni ya wafanyakazi. Hapo ndipo ajali binafsi inaingia. Hii unaikata kwa jina lako, unachagua kiwango, ukifa kwa ajali au ukapoteza kiungo inalipa kiasi mlichokubaliana, nyingine zinakulipa kitu kila wiki ukiwa umelala nyumbani, nyingine zina sehemu ya matibabu yenye kikomo. Kumbuka ni ajali tu, malaria na presha hazimo, hizo ni za bima ya afya. Ukilinganisha hapo angalia yale malipo ya kila wiki kuliko kile kiasi kikubwa cha kifo. Kile cha kifo ndicho wanachokiandika kwa herufi kubwa, lakini kwa fundi kinachotokea mara nyingi ni mkono umevunjika, miezi miwili hufanyi kazi na kodi ya nyumba haijui hilo. Na kwenye fomu andika kwamba unapanda juu, unachomelea mabomba kwa gesi. Ukiandika "mfanyabiashara" ili ada ishuke, utakuwa umelipia karatasi.

Kwa walioko Kenya mambo yamekaa tofauti. Kule mwajiri anatakiwa kununua bima ya WIBA, chini ya sheria ya 2007, kwenye kampuni ya bima, na mfanyakazi akifariki au akapata ulemavu kamili wa kudumu fidia ni mapato ya miezi 96. Kwa hiyo Nairobi unalinganisha bei za makampuni, huku unalipa mfuko mmoja tu yamekwisha.

Bondi, ambayo siyo bima hata kidogo

Nipite haraka. Ukianza kuomba tenda, iwe za serikali kupitia NeST, ule mfumo wa tenda wa mtandaoni, au za makampuni, utaombwa bondi: ya kuombea kazi, ya utekelezaji, ya malipo ya awali. Zinauzwa na benki na hayohayo makampuni ya bima, unalipia kitu kinachofanana na ada, unapewa karatasi yenye nembo, ukiishika unajiona umekingwa. Hujakingwa wewe, amekingwa mteja. Ukishindwa kazi, kampuni ya bima inamlipa mteja halafu inageuka inakufuata wewe irudishiwe hela yake, ndiyo maana wanakuomba dhamana kabla ya kukupa. Bima inabeba msala wako, bondi inakukopesha jina.

Kampuni au jina la biashara

Kila mtu ana mjomba aliyemwambia "fungua kampuni, wakikushtaki hawagusi nyumba yako". Ni kweli nusu. Ukisajili jina la biashara BRELA, kwa wale wasajili wa biashara na makampuni, wewe na biashara ni mtu mmoja, deni la biashara ni deni lako, mpaka kiwanja cha Chanika kimo. Ukisajili kampuni, kampuni ni mtu wake kisheria, madeni ya mikataba yake ni yake. Hapo kampuni inashinda.

Ila tuseme ile gundi niliibana mimi kwa mkono wangu huu. Aliyefanya uzembe anaweza kushtakiwa mwenyewe hata kama shati lina nembo ya kampuni, kwa hiyo yule mama angeweza kuniunganisha mimi na kampuni yangu tukasimama wote wawili. Benki nayo ikikopesha kampuni changa inakutaka usaini dhamana binafsi, hapo ukuta umeubomoa mwenyewe. Na gharama zipo, hesabu za kila mwaka, mkaguzi, ritani za BRELA. Kwa anayefanya kazi ndogondogo peke yake na kijana mmoja, naona hela ya kuendesha kampuni ni bora iende kwenye pablik layabiliti kwanza. Ukianza kusaini mikataba ya mamilioni mengi, kukopa vifaa kwa saplaya na kuajiri, basi fungua kampuni na bima iwepo pia, hivi viwili havibadilishani nafasi.

"Usijali, bima yangu inakufunika"

Hii utaambiwa na mkandarasi mkuu anapokupa kipande cha kazi. Inaweza kuwa kweli, kuna mikataba ya CAR inayowataja na wakandarasi wadogo kama wanaolindwa. Inaweza pia kuwa maneno tu. Tofauti yake kubwa iko hapa: kama wewe hujatajwa, bima yake itamlipa yeye, kisha kampuni yake ya bima ina haki ya kumfuata aliyesababisha hasara irudishe ilichotoa, na aliyesababisha ni wewe. Yaani bima yake badala ya kukufunika inakuwa ndiyo inayokudai, tena yenye mawakili.

Kwa hiyo omba nakala uone jina lako au neno la wakandarasi wadogo limo. Akisita kukuonyesha, jibu umepata. Na kabla hujasaini soma kile kipengele kinachosema utamfidia kwa hasara yoyote itakayotokea saiti. "Yoyote" ni neno baya, mwombe aandike hasara inayotokana na uzembe wako au wa watu wako, maana bima yako haitalipa ahadi uliyojitwika kwa kalamu kupita ile ambayo sheria ingekubebesha.

Ya kitaalamu na ya vifaa, kwa kifupi

Bima ya dhima ya kitaalamu ni ya wanaouza ushauri na michoro, wahandisi, wakadiriaji majengo, wahasibu, watu wa mifumo ya kompyuta. Fundi anayefunga alichochorewa haihitaji sana, ukianza kupiga mwenyewe mahesabu ya ukubwa wa AC za jengo zima au kuchora mfumo wa sola, hapo inaanza kukuhusu. Mara nyingi inaangalia dai limeletwa lini, siyo kosa lilifanyika lini, kwa hiyo ukiikatisha mwaka huu, kosa la mwaka jana linabaki bila mwenyewe.

Vifaa sasa. Watu wengi wanaanza na hii kwa sababu drili unaiona na dhima huioni. Iangalie vizuri. Wizi unaolipwa kwa kawaida ni wa kuvunja na kuingia, ukiacha geji na vakyum pampu nyuma ya kirikuu ukaenda kula chipsi ukakuta hamna, hakuna kilichovunjwa. Halafu kuna avereji: vifaa vyako vina thamani ya milioni sita, ili kupunguza ada ukasema milioni tatu, wakaiba vya milioni mbili. Umekatia nusu, unalipwa nusu, yaani milioni moja, na eksesi ikatwe humo. Watu wanatoka pale wakilia kwamba wameibiwa mara mbili, wakati ile namba waliandika wenyewe.

Unanunua kwa nani

Wakala anafanya kazi kwa niaba ya kampuni ya bima, broka anatakiwa awe upande wako akuletee nukuu za makampuni kadhaa. Kwa bima ya gari wakala anatosha kabisa. Kwa pablik layabiliti nenda kwa broka, maana kinachokuhusu pale ni maneno na vighairi vyake, yaani vile isivyolipa, bei inakuja nyuma. Yeyote utakayeenda kwake awe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na ukishapewa kovanoti, ile karatasi ya kuonyesha una bima, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA mtandaoni kabla hujampa mteja, kuna karatasi zinatembea mjini hazina mwenyewe. Ukiambiwa bei uliza kama VAT ya 18% imo, tuseme ada ni laki nne, ikija na VAT ni 472,000. Na habari za "nianzishie nitalipa mwisho wa mwezi" zisahau, bila ada hakuna bima.

Masharti ya kazi za moto pia soma. Mimi nachomelea mabomba ya shaba, mkataba wangu unataka mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na nibaki pale muda fulani baada ya kumaliza. Mwanzoni niliona usumbufu, siku hizi ndiyo muda wangu wa kunywa maji. Na kama kazi yako inahitaji leseni, mfano ya umeme ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, uwe nayo na daraja lake lilingane na kazi, kishoka aliyeunguza nyumba asitegemee kampuni ya bima imwelewe. Wakikunyima dai na unaona wamekuonea kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ilianzishwa kwa ajili hiyohiyo, huna haja ya kuanza na mahakama.

Mimi nimepanga hivi

Hela haitoshi zote, tusidanganyane. Niliyoanza nayo ni WCF, kwa sababu ni elfu kadhaa na ni sheria. Ya pili pablik layabiliti yenye kazi zilizokabidhiwa ndani, nilichukua kiwango cha chini kuliko alichotaka kuniuzia broka nikabaki na kile kipengele, bora milioni hamsini inayonifuata baada ya kukabidhi kuliko milioni mia mbili inayoniacha mlangoni. Ya tatu ajali binafsi, niliongeza mwaka uliofuata. CAR nanunua pale tu mkataba unapoidai, na gharama yake naiweka kwenye kotesheni tangu mwanzo, sijawahi kuona mteja anakataa mstari ule ukiwa umeandikwa, wanakataa ukiuleta baadaye.

Ungekuwa mtu wa michoro ningekwambia ya kitaalamu ipande mpaka juu. Ungekuwa peke yako bila kijana hata mmoja, ajali binafsi ipande juu ya WCF maana WCF haina wa kumlinda.

Vifaa bado sijavikatia. Kila jioni naviingiza ndani, na mke wangu analalamika sebule inanuka oili ya vakyum pampu.